Opera ya Daladala: Namna ya Kuitunga kwa Sauti za Mtaani

Wengi wanaojaribu kazi hii hukosea kabla hata hawajawasha kinasa sauti. Wanaamua kutunga "siku nzima ya jiji": kunguru wa alfajiri, foleni ya asubuhi, soko, jua linazama, mbwa wa usiku, mwisho. Dakika ya nane msikilizaji ameshaelewa mchezo na anaangalia simu yake. Opera, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa, inataka watu wawili wanaotaka vitu visivyopatana, na sauti ya mtaani lazima iwe na mkono katika ugomvi wao.

Kwa hiyo anza na ugomvi. Hapa tutatumia mmoja ambao kila aliyepanda daladala Dar es Salaam anaujua: mama ametoa noti ya elfu mbili, konda hajamrudishia chenji, na kituo chake kinakaribia. Njia ni Tandika hadi Kariakoo. Kazi nzima ichukue dakika 25, maonyesho matatu. Wahusika ni Mama (sauti ya kati ya kike), Konda (sauti ya juu ya kiume), korasi ya abiria sita, na kipanya chenyewe, yaani daladala ndogo, ambacho hakina mwimbaji bali kimerekodiwa. Aliyeko Nairobi atumie matatu badala ya daladala. Hesabu zote zitabaki vilevile.

Kuna kipimo kimoja cha kubeba kichwani kuanzia mwanzo hadi mwisho. Chukua sauti yoyote uliyorekodi, iondoe kwenye onyesho, kisha uulize: je, mwimbaji angeendelea vilevile? Kama angeendelea, sauti hiyo ni pambo. Itupe, hata kama uliamka saa kumi usiku kuipata.

Si jambo geni kabisa. Mwaka 1944 mjini Cairo, mtunzi Mmisri Halim El-Dabh alirekodi ngoma ya zar, ambayo sisi wa pwani tungeiita kupunga pepo, kwa mashine ya kunasa sauti kwenye waya, akaichezea sauti ile hadi ikawa muziki mwingine. Mfaransa Pierre Schaeffer alifanya hivyo kwa magarimoshi Paris mwaka 1948, na mwaka 1953 yeye na Pierre Henry wakapeleka opera iliyochanganya kanda na waimbaji Donaueschingen, Ujerumani, ambako hadhira iliipokea vibaya sana. Waliokuja baada yao walijifunza kwamba ukiweka kelele upande mmoja na mwimbaji upande mwingine bila ya kugusana, watu watamhurumia mwimbaji.

Vifaa

Kinasa sauti cha mkononi chenye maiki mbili, aina ya Zoom H1n au Tascam DR-05, kinatosha. Weka WAV (faili lisilobana sauti), kilohezi 48, biti 24. Kwa mpangilio huo stereo inakula takriban MB 17 kwa dakika, yaani karibu GB 1 kwa saa, hivyo memori kadi ya GB 32 itakutosha kwa siku kadhaa. Zima kipengele cha kujirekebisha sauti chenyewe. Kikiwa kimewashwa, konda akigonga bodi kinashusha, pakitulia kinapandisha, na unarudi nyumbani na rekodi inayohema kama mtu aliyepanda ghorofa kumi. Badala yake weka geini (kiwango cha kupokea sauti) kwa mkono, ili kelele kubwa kabisa ifike desibeli −12, yaani 12 chini ya kikomo. Ukiacha nafasi hiyo, honi ya ghafla haitapasua rekodi. Sauti iliyopasuka haitengenezeki, hata uwe na programu ya bei gani.

Simu inaweza kutumika kwa majaribio, lakini ujue tabia yake. Programu nyingi za simu zimetengenezwa kwa ajili ya maneno, kwa hiyo sauti yoyote isiyobadilika, kama injini au friji, huichukulia ni uchafu na kuifuta. Wewe unaihitaji injini. Tafuta programu inayoruhusu WAV na kuzima usafishaji wa kelele.

Hedifoni ziwe za kufunika masikio yote. Bila hedifoni hutajua kwamba kidole chako kinakwaruza kinasa sauti, na mkwaruzo huo ndio unaoharibu rekodi nyingi kuliko kitu kingine chochote. Nenda na mwenzako: mwenye hedifoni Kariakoo hamsikii anayemjia kwa nyuma.

Upepo ni adui wa pili, hasa Kivukoni na kwenye dirisha la gari. Sponji nyeusi inayokuja na kifaa haitoshi. Funika kwa manyoya ya bandia marefu, hata ya mwanasesere wa dukani, na uache nafasi ya hewa kati ya manyoya na maiki. Manyoya yakiigusa maiki hayasaidii. Usitegemee kukata besi baadaye kwenye kompyuta, maana upepo mkali huwa umeshaizidi maiki yenyewe na sauti imepasuka kabla haijafika kwenye kadi. Na ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda kwenye joto la Februari, kiache kinasa sauti kwenye begi dakika 20 hadi 30. Unyevu huganda kwenye maiki kama kwenye chupa ya soda, na utasikia mlio wa kukaanga.

Kifaa cha tatu utakitengeneza. Nunua kidude cha piezo, ile sahani nyembamba ya shaba ya milimita 27 iliyomo ndani ya ving'ora vidogo. Lehemu (unganisha kwa risasi iliyoyeyushwa) waya wa kati wa kebo kwenye duara jeupe, na waya wa nje kwenye shaba. Kebo isizidi mita mbili, vinginevyo inavuta mvumo wa umeme. Kibandike kwenye bomba la kushikilia abiria, kwenye kioo, kwenye bati la mlango. Kinasikia mtikisiko wa chuma tu, si hewa, kwa hiyo maneno ya abiria hayaingii kwa urahisi, na hilo ni faida kubwa kisheria. Kasoro yake: ukikichomeka moja kwa moja kwenye tundu la kawaida la maiki, besi inapotea na unabaki na sauti ya kopo. Kinataka tundu la gitaa, lenye ukinzani wa kama megaomu moja, au kipaza kidogo katikati.

Ruhusa

Usirekodi ugomvi wa kweli kwa siri. Sauti inayomtambulisha mtu ni taarifa yake binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019. Lakini hata bila sheria, mama aliyekuwa akidai haki yake hakuja kuwa muziki wako. Njia nyepesi ni kukodi kipanya kwa safari moja saa tano asubuhi, wakati gari zina nafasi, na kujaza watu wako mwenyewe. Konda na dereva wawe wa kweli. Walipwe kwa siku, na makubaliano yao yanaswe mwanzoni mwa rekodi: jina, tarehe, "nakubali sauti yangu itumike katika mchezo huu wa muziki." Mwigizaji anayeigiza konda huwa anapiga kelele mno. Konda wa kweli hapigi kelele, anatupa sauti.

Bandari, stesheni, feri, vituo vya polisi na maeneo ya jeshi usiyaguse bila kibali cha maandishi. Redio ya gari izimwe kabla hujaanza, maana wimbo wa Bongo Fleva ukiingia nyuma ya maneno hautoki, na una mwenyewe. Hapo utahitaji kuongea na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Adhana nayo itaingia tu, kwani ndiyo Dar es Salaam. Ikiingia, ama uiache ipite nzima kwa heshima yake, ama usitumie kipande hicho. Kuikata na kuirudiarudia kama mdundo ni kujitafutia balaa, na haina adabu.

Kurekodi

Kwa dakika 25 za opera panga saa tano au sita za rekodi. Kutokana nazo utakata vipande kama 120, na vitakavyobaki jukwaani havitazidi 40. Kila unapobonyeza kitufe, taja mahali, saa, na umbali wa maiki kutoka kwenye kitu. Usipotaja, baada ya wiki mbili utakuwa na mafaili 120 ya "gari". Na kila mahali ulipo, rekodi dakika mbili ambazo hakuna kinachotokea. Dakika hizo ndizo viraka vyako: ukikata neno katikati ya rekodi, tundu linalobaki huzibwa kwa sauti ya mahali palepale.

Umbali ndio ekwalaiza (kirekebisha sauti) ya kwanza. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti unayoitaka inapanda kwa takriban desibeli 6 na kelele za pembeni zinabaki palepale. Mlango wa kipanya unaoburuzwa rekodi kwa sentimita 50, kisha kwa mita 4. La kwanza ni la abiria aliye ndani. La pili ni la aliyeachwa kituoni. Hizo ni sauti mbili tofauti katika hadithi.

Sarafu tuzitazame kwa makini zaidi, kwani ndizo moyo wa opera hii. Konda wa Dar es Salaam haombi nauli kwa mdomo tu. Anatikisa sarafu kiganjani, na mtu anaingiza mkono mfukoni bila ya neno kusemwa. Chukua sarafu sita, za shilingi 100, 200 na 500 mchanganyiko, uende chumba chenye godoro na mapazia, usiku. Maiki iwe sentimita 20 kutoka mkononi, kwa ubavu, si mbele, maana kiganja kinachotikisika kinasukuma upepo. Mpe konda wako wa kweli sarafu hizo na umrekodi akifanya mara kumi kila namna: kiganja wazi, ngumi nusu, ngumi iliyofungwa. Wazi sauti inang'aa. Ngumi ikifungwa inakuwa butu, kama siri. Mng'ao huo uko juu sana, hezi (mitetemo kwa sekunde) 5,000 na zaidi, na ndiyo maana ukihifadhi kwa MP3 ndogo sarafu hugeuka kuwa mchanga. Baki na WAV hadi mwisho.

Kisha muombe akutengenezee nia, si sauti: kuomba, kukumbusha, kutisha, na kujifanya hasikii. Ile ya mwisho ndiyo dhahabu. Konda anayejifanya hasikii husitisha sarafu katikati ya mtikiso. Sasa fikiria jukwaani: Konda anaimba kwamba hana chenji, anatafuta, na kutoka kwenye spika iliyo nyuma yake tunazisikia sarafu ndani ya ngumi. Mdomo unasema hakuna, mkono unasema zipo. Sauti iliyorekodiwa imekuwa shahidi, na korasi inaweza kuisikia na kuigeukia. Iondoe, na onyesho zima linaanguka. Imefaulu kipimo.

Vingine vya lazima: konda akigonga bodi kwa kiganja na kwa pete (mpangilio wa mapigo ya kusimama na kuondoka unatofautiana, mfuate konda wa njia yako); mlango; viti vinavyolia; breki; na wauzaji wa dirishani foleni inaposimama. Muuza kahawa anayegonganisha vikombe vya kaure mkononi ni mpiga ngoma kamili, na mdundo wake hauyumbi. Mrekodi dakika tano, uwanunulie watu wote kahawa yake. Mvua juu ya bati irekodi peke yake, usiku, kama masika yamekukuta. Inajaza masafa yote ya sauti, kwa hiyo ikiingia kwenye rekodi nyingine huwezi kuitoa.

Kutafuta toni ya jiji

Umeme wetu ni wa hezi 50. Chuma cha ndani ya transfoma hujivuta na kulegea mara mbili kwa kila mzunguko, kwa hiyo transfoma ya nguzoni huvuma kwa hezi 100, na friji ya soda mara nyingi hivyohivyo. Jiji zima linaimba noti moja mchana na usiku. Noti hiyo ni G, lakini si G ya kinanda: G ya kinanda ni hezi 98, na hii imepanda kwa senti 35, zaidi kidogo ya theluthi moja ya nusu toni. Ukimwekea mwimbaji kinanda cha kawaida juu ya mvumo huo, utasikia sauti mbili zinapigana, zikitetemeka mara mbili kwa sekunde. Huu ndio ugonjwa wa kazi nyingi za namna hii, na waimbaji hulaumiwa bure.

Dawa ni kupandisha kinanda kwa senti 35, yaani kuweka A iwe hezi 449 badala ya 440. Vinanda vya kisasa vina sehemu ya kufanya hivyo. Udi na fidla zitafuata bila tatizo. Filimbi na akodioni haziwezi, ziache nyumbani. Usitumie mvumo wa jenereta kama toni ya msingi, kwani kila mtu akiwasha pasi kasi yake inashuka na noti inashuka nayo.

Injini nayo ina noti. Chukua mizunguko kwa dakika, gawa kwa 60, zidisha kwa nusu ya idadi ya silinda. Kipanya cha silinda nne kikiwa kimesimama kwa mizunguko 750 kinatoa hezi 25, chini ya noti zote za kinanda. Kwenye 1,500 kinatoa hezi 50, na kwenye 3,000 hezi 100. Maana yake dereva akipandisha kutoka 1,500 hadi 3,000 amepanda oktavu kamili, G hadi G, na amekutana na transfoma. Mwombe dereva wako afanye hivyo polepole, sekunde 12, gari likiwa limesimama na gia haijaingia, maiki mita moja kutoka kwenye ekzosi na manyoya yamevaa. Kama kipimo cha mizunguko kimekufa (mara nyingi kimekufa), tumia programu ya kupimia toni kwenye simu. Mpando huo ndio unaoibeba korasi mwishoni mwa onyesho la pili.

Maneno na mizani

Usianze na shairi, anza na kilichosemwa. Andika maneno ya safari yako kama yalivyo, kisha hesabu silabi. Utashangaa ni mangapi yameshakaa kwenye mizani nane ya utenzi bila kuguswa. "Tandika, Kariakoo" ni nane. "Konda, chenji yangu mia" ni nane. Kazi yako ni kuyasogeza yaliyobaki:

Nauli nimeileta,
Ngoja, mama, natafuta,
Tangu Veta watafuta,
Mpe mama chenji yake.

Veta ni kituo cha njiani. Kina cha -ta ni cha ugomvi wa Mama na Konda, na kipande cha nne ni cha abiria. Utenzi unataka kina cha mwisho tu kifanane katika kila ubeti; hapa kila ubeti unaishia na kipande kizima hichohicho, isipokuwa kila mara kinaimbwa na mtu mmoja zaidi. Mwenye jicho kali atasema neno "tafuta" limerudiwa. Ndiyo. Kwenye daladala kurudia ndiyo hoja yenyewe.

Sasa mkazo, ambapo watunzi wengi waliolelewa na nyimbo za kanisani zilizotafsiriwa huteleza. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo noti ndefu ikae hapo: na-ta-FU-ta. Ukiiweka ndefu mwishoni, mwimbaji anasikika kama mgeni. Lakini mwite muuza maandazi: "maandaziii!" Huyo anavuta silabi ya mwisho makusudi, kwa sababu irabu ndiyo inayosafiri, na konsonanti hufia njiani. Basi hiyo iwe sheria ya opera yako. Anayeita kutoka nje ya gari huvuta mwisho. Anayezungumza ndani hukaza palepale pa kawaida. Hadhira itajua nani yuko wapi hata ikifumba macho, na Konda, ambaye anaishi mlangoni, atabadilika kutoka ndani kwenda nje katikati ya sentensi.

Kupata mkondo wa sauti ya maneno, ingiza rekodi ya konda kwenye Praat, programu ya bure ya wanaisimu. Weka masafa ya hezi 75 hadi 300 kwa mwanamume, 100 hadi 500 kwa mwanamke. Ukiyaacha mapana mno mstari utaruka oktavu nzima mahali ambapo sauti haikuruka. Soma toni katikati ya kila irabu, si mwanzoni, maana mwanzo huvutwa na konsonanti iliyotangulia. Andika noti iliyo karibu. Nyingi zitaangukia kati ya noti mbili za kinanda, usizilazimishe. Mwimbaji aliyekulia kwenye taarabu hana shida na robo toni, kwa hiyo mwandikie alama ya mshale juu au chini na umchezeshee rekodi mara tatu. Ataipata kwa sikio kabla hujamaliza kumweleza.

Kuhariri

Kwa programu ya kuhariri sauti, Reaper inafaa, Audacity pia. Kabla ya kukata, nakili mafaili yote kwenye diski mbili tofauti. Taja kila kipande kwa kitu, nia na umbali: sarafu_kutisha_20sm. Kila mkato uufifishe milisekunde 5 hadi 10 pande zote, la sivyo utasikia mtiki kila kipande kinapoanza. Kata besi chini ya hezi 80 kwenye maneno na sarafu, lakini si kwenye injini wala mlango.

Jizuie kuongeza mwangwi. Ndani ya kipanya hakuna mwangwi. Kuna miili ya watu na bati. Ukiongeza mwangwi wa kanisa kuu kwenye sauti ya konda, umemshusha kwenye gari. Mwangwi uwekwe mahali pamoja tu, katika dakika ambayo Mama anaanza kujiuliza kama kweli alitoa noti ya elfu mbili. Hapo gari zima linarudi nyuma, vikombe vya kahawa vinabaki peke yake, na anaimba bila ya injini kwa mara ya kwanza.

Kubadili kasi kuna hesabu rahisi: ukizidisha kasi mara mbili sauti inapanda oktavu, na nusu toni moja ni asilimia 5.9. Mlango ulioshushwa oktavu mbili unakuwa meli inayong'oa nanga. Inapendeza sana, na ndiyo hatari yake: ukiifanya mara tatu, hadhira inaanza kusikia kompyuta badala ya Tandika.

Mahali ambapo waimbaji wanaimba, punguza rekodi kwa desibeli 3 hadi 6 kati ya hezi 2,000 na 4,000. Hapo ndipo sauti iliyofunzwa inapong'aa na kupenya bila maiki. Sarafu zinaanzia juu ya hapo na injini iko chini, kwa hiyo kila mmoja ana nyumba yake. Breki ndizo zinazokaa palepale pa mwimbaji. Zipigwe anapovuta pumzi.

Jukwaani

Kosa linaloua maonyesho mengi ni faili moja la dakika 25 linalobonyezwa mwanzo hadi mwisho. Mwimbaji akivuta pumzi zaidi, faili halimngoji. Anaanza kulikimbiza, na opera inageuka mashindano ambayo mashine itashinda. Ligawe katika vipande kama 34, kila kimoja na namba kwenye karatasi za waimbaji, na fundi mitambo avirushe kwa mkono akimwangalia Konda mdomoni. Vipande virefu (injini, foleni, mvumo) viwe vya kuzunguka bila mwisho hadi atakapobonyeza kinachofuata. Fundi huyo ni mwanamuziki, aje mazoezini tangu siku ya kwanza. Mazoezi manane ndiyo machache kabisa.

Spika nne kwenye pembe za ukumbi, na spika ya besi moja. Bila ya spika ya besi hezi 50 hazipo, na kipanya chako kinakuwa pikipiki. Wimbi la hezi 50 lina urefu wa kama mita 7, hivyo ukumbini kutakuwa na viti ambavyo besi inatikisa kifua na vingine ambavyo imetoweka. Tembea ukumbi mzima injini ikiwa inalia na usogeze spika ya besi hadi tofauti ipungue. Mara nyingi kuitoa kwenye kona kunasaidia. Angalia pia kuchelewa. Kwenye joto la nyuzi 30 sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde, kwa hiyo spika iliyo mita 17 kutoka kwa mwimbaji inamfikia ikiwa imechelewa takriban milisekunde 49, na akiifuata hiyo atakuwa nyuma ya wenzake daima. Mpe spika ndogo miguuni, yenye sarafu na mapigo ya bodi tu.

Spika ya sarafu iwe nyuma ya Konda kabisa, si pembeni, kwa urefu wa mkono wake. Ikitoka kwenye spika za pembe za ukumbi, shahidi anakuwa jiji zima badala ya mkono wake, na utani unapotea.

Umeme ukikatika katikati ya onyesho, na siku moja utakatika, kila mwanakorasi awe na sarafu tatu mfukoni. Onyesho la tatu lifanyiwe mazoezi mara mbili bila ya mitambo kabisa: sarafu za kweli, viganja kwenye viti badala ya bodi, na korasi ikishika G ya transfoma kwa midomo iliyofungwa. Wataishika iliyopanda zile senti 35, kwa sababu wiki nzima wameizoea hiyo. Kinanda kisichotumia betri hakitakuwepo kuwapinga.

Mwisho kuna nakala ya simu, kwani wengi wataisikia huko. Spika ya simu haitoi chochote cha maana chini ya hezi 200 au 300, kwa hiyo injini yako yote itapotea na Mama ataonekana anagombana na watu chumbani. Tengeneza nakala ya pili: iongezee injini kipasuko kidogo ili ipate toni za juu za hezi 200, 300 na 400, ambazo sikio litazitumia kujijazia noti ya chini lenyewe. Isikilize kwenye simu ya bei nafuu kuliko zote utakayoipata, ndani ya daladala linalotembea.